Salama, ila Bega

Mimi si mtu wa kunyamaza, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilidhulumiwa kwa upole wangu. Saluni yetu iko Naif, hapa Dubai, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya masanduku na mablanketi, na wateja wetu wengi ni wanawake wa Afrika Mashariki wanaokuja kuchukua mzigo. Wakishachoka kuzunguka na kubishana bei wanapanda kwetu, wanavua viatu, wanasema, "Leo nataka yule Mmombasa." Mmombasa ndiye mimi. Nilikuwa nikisuka huku nasema. Mteja akija na nywele zilizokatikakatika kwa dawa namwuliza, "Mama, hizi ulizisuka au ulizipika?" Anacheka mpaka machozi, na safari yake nyingine ananiulizia. Sikuwahi kukosa la kusema mbele ya mtu yeyote, awe madam mwenye saluni, awe polisi wa maegesho.

Huku watu wa saluni, kama walezi wa watoto, hawaandikiwi visa mpya bila kuchomwa sindano ya homa ya ini. Si jambo la kubishania. Madam anakuelekeza kliniki, unakwenda, unachomwa, unarudi kazini. Sindano siziogopi mimi. Nilikwenda asubuhi kabla saluni haijafunguliwa, nikakuta foleni ya Wafilipino, Waethiopia na Wanepali, kila mtu na bahasha yake ya plastiki kifuani, na nikajipanga kama wenzangu.

Nesi alikuwa na haraka. Nilivaa buibui, na ndani yake blauzi ya mikono ya kubana, ile isiyopanda kupita kiwiko. Chumba kilitenganishwa kwa pazia tu, na nyuma ya pazia nasikia sauti za wanaume. Basi nikafungua vifungo vya shingoni, nikaishusha nguo begani kiasi cha stara. Angeniambia nishushe zaidi, ningeshusha. Hakusema. Alikuwa amesimama, mimi nimeketi, akachoma pale pale alipopaona, juu kabisa, karibu na mfupa. Nilihisi sindano inaingia pahali ambapo si nyama. Nikapiga ukelele. "Khalas, khalas," akasema, yaani imekwisha, na tayari alikuwa anamwita anayefuata.

Jioni ile mkono haukupanda. Kuuma si hoja, kila sindano huuma. Huu haukupanda. Naishi Al Qusais, chumba cha wanawake wanne, na anayelala kitanda cha juu yangu ni Mkenya wa bara, mlinzi katika jumba moja la maduka. Kwa umri ni mdogo wangu, kwa maneno tunalingana. Alirudi kazini akanikuta nimesimama katikati ya chumba, buibui limenikwama kichwani, nusu ndani nusu nje.

"Wee dada, huo ni mchezo gani?"

"Nitoe."

"Kwani mkono umefanya nini?"

"Wamenichoma mfupa washenzi wale. Nitoe kwanza, ndipo unihoji."

Akanitoa. Tangu jioni ile akawa ananivua na kunivisha kama mtoto, na kila mara ananionya nipunguze chapati kwa sababu mgongo wake si wa serikali.

Kesho yake simu ikalia niko kazini. Nilikuwa nimeshika nywele za mtu vidoleni, nikaibana simu kati ya sikio na bega lililo zima. Ni msichana, sauti tamu, anapiga kutoka kliniki. Anataka kujua naendeleaje baada ya chanjo. Je, nina tatizo lolote?

Sasa niambieni, nani aliyelelewa kwetu anajuliwa hali akaanza na ugonjwa? Mama yangu ana pumu. Ukimpigia anakujibu salama, alhamdulillah, watoto je, kazi je, na huku unasikia anavyoivuta pumzi kwa taabu. Hata msiba kwetu huanza na njema. Njema, sote wazima, ila baba yake fulani hatunaye. Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Yanayotangulia ni adabu tu, na anayeuliza anajua, na anayejibu anajua, na wote wawili wanangoja. Ukianza moja kwa moja na maradhi yako watu wanatazamana, wanajiuliza huyu kalelewa na nani.

Basi nikamjibu kwa Kiingereza changu cha dukani kwamba niko salama, alhamdulillah, sina neno, na yeye je, hajambo? Nikacheka kidogo, kama mtu anavyocheka akijuliwa hali na mgeni. Nilikuwa nangoja aseme na yeye hajambo, ndipo nimwambie, ila binti, bega hili mlilonichoma halisogei. Akasema ahsante sana, uwe na siku njema. Akakata! Nikabaki na maneno yangu mdomoni. Nikaipiga ile nambari, nikapata mashine inaniambia nibonyeze hiki na kile, nikabonyeza mpaka nikachoka. "Dada, mbona umesimama?" akaniuliza mteja. Nikaendelea kusuka.

Nilijidanganya kwamba litapoa. Nikanywa vidonge vya maumivu, nikajipaka mafuta ya karafuu mpaka wenzangu chumbani wakalalamika wanapiga chafya. Bega likazidi kuganda. Mwishowe nikaenda kwa daktari mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mpole, naye akanipeleka kwenye mashine ya kupiga picha. Alipoitazama picha akaniuliza nilichomwa pahali gani hasa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanieleza kwamba sindano ilipita juu mno, dawa ikaingia kwenye kiungo badala ya nyama, na ndiyo maana bega likawaka ndani kisha likaganda. Alisema hilo linajulikana kwa madaktari, na amewahi kuliona.

Furaha niliyoisikia! "Basi daktari," nikamwambia, "niandikie maneno hayo hayo."

Akageuka akatazama dirishani. Aliandika kwamba bega limeganda, akaishia hapo. Sababu hakuiandika. Nikamwuliza kwani wino umemwishia. Akatabasamu, maskini, akasema ana leseni yake na watoto wa kusomesha. Nilitoka nimefura, nikaubamiza mlango wake, kisha nikajuta kwa sababu niliubamiza kwa mkono mbovu.

Ususi ni kazi ya mikono iliyoinuka. Mwanamke amekaa, wewe umesimama, na mikono iko juu kutwa nzima. Nilijaribu kuegemeza kiwiko kwenye mto niliouweka juu ya bega la mteja. Nilijaribu kumkalisha mteja sakafuni na mimi kwenye kiti kirefu. Mistari ikaenda kombo. Kuna mama mmoja wa Dar, mfanyabiashara wa vitenge, mteja wangu tangu nifike Dubai. Siku hiyo alijitazama kwenye kioo, akapapasa misuko ya kisogoni, akasema, "Si mbaya." Yule mama amewahi kunitukana, amewahi kunibusu, lakini "si mbaya" hakupata kuniambia. Safari iliyofuata nilimwona amekaa kwenye kiti cha mwenzangu, akanisalimu kwa mbali kama mtu mwenye deni.

Madam akaniondoa kwenye kusuka, akaniweka kwenye kuosha vichwa. Baadaye hata kuosha nikashindwa, maana mkono unatakiwa kuzunguka, akanipa ufagio. Aliniambia bila ukali kwamba visa hii ikiisha hataweza kuniandikia nyingine, kwa sababu nimeandikwa msusi na yeye hana haja ya mtu wa kufagia tu. Ilikuwa mara ya kwanza madam kuniambia neno na mimi nikaitikia tu.

Ndipo nikatafuta wakili. Nilitaka bega langu litibiwe, matibabu ya kweli, si vidonge, na bima ya kazini ilikuwa imekwisha kukataa. Nilijua pia kwamba bila bega sina Dubai. Nitarudi Mombasa na mkono usioweza hata kufunga leso, na nitafanya kazi gani? Wakili alikuwa Msudani, ofisi yake Deira, mtu wa kuongea taratibu na kukuongezea chai kabla hujamaliza uliyo nayo. Akanieleza kwamba huku huwezi kumburura daktari wala nesi mahakamani hivi hivi. Malalamiko huenda kwanza kwa kamati ya madaktari. Wakisema kosa lilifanyika, mlango wa fidia unafunguka. Wakisema halikufanyika, hakuna hakimu atakayekusikiliza.

"Kila kitu kitategemea maumivu yalianza lini," akasema. "Yakiwa yalianza siku ile au kesho yake, ni sindano. Yakianza baadaye, watasema ulilala vibaya, au ulibeba ndoo."

"Yalianza jioni ile ile. Buibui lilinikwama kichwani."

"Kuna aliyeona?"

Yuko. Mwenzangu wa chumba alivaa nguo zake za kanisani, akaenda kwa wakili akatoa maelezo, akarudi kajaa fahari.

"Nimewaambia vile ilikuwa," akasema. "Buibui imekwama kichwa, unalia mpaka kamasi."

"Sikulia mimi."

"Ulilia, dada. Na kamasi nimewaandikisha pia."

Tulingoja muda mrefu. Siku zote nilifagia nywele za watu waliosukwa na wengine. Mteja akitoka nilikuwa nikiiangalia ile mistari kwa jicho la ubaya, natafuta kasoro, na nikiipata najisikia vizuri kidogo, halafu najichukia. Nilinuna. Wateja wakaacha kuniuliza habari za madam, kwa sababu sikuwa tena na habari za kuchekesha. Kuamka ilikuwa kazi, maana usiku nikijigeuza juu ya bega lile nilikuwa naamka kwa maumivu. Nilipungua mwili, na mwenzangu akaacha kutania juu ya chapati, akawa ananipikia yeye.

Siku ya kamati tuliingia chumba cha baridi kali, mimi na wakili. Mbele yetu madaktari watatu wamekaa kwenye meza ndefu, na pembeni kijana wa suti aliyetumwa na kliniki, kompyuta yake mapajani. Wakaniambia niinue mkono. Ukafika usawa wa kifua ukagoma. Daktari mmoja, wa makamo, akaushika akausukuma aone kama utakwenda. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba huo ni mkono, si mlango wa dukani. Mzee aliyekaa katikati, Mwarabu wa ndevu nyeupe, akacheka. Nikampenda hapo hapo.

Wakasoma maelezo ya mwenzangu, wakaangalia picha ya bega, wakaulizana wao kwa wao. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, hata wakili alikuwa amelegeza tai. Ndipo yule kijana wa suti akaomba ruhusa, ana kitu kidogo cha kusikilizisha.

Nikasikia sauti ya yule msichana wa simu, halafu sauti yangu. Sikujua kwamba walinirekodi. Sauti yangu ilikuwa changamfu, ya mtu asiyeumwa popote duniani. Niko salama, alhamdulillah, sina neno, na wewe je? Kisha nikajisikia nacheka. Kijana akazima pale pale kwenye kicheko, akafunga kompyuta yake taratibu. Mkono mzima nilikuwa nao mmoja, na wallahi ulitosha kumzaba kofi. Wakili alinibana mguu chini ya meza.

"Ulipigiwa siku iliyofuata," akasema yule daktari wa makamo. "Uliulizwa kama una tatizo. Ukasema huna."

"Nilikuwa naitikia salamu!"

"Hukuulizwa salamu. Uliulizwa kama una tatizo."

Nikaanza kumweleza. Kiingereza kikanipotea, nikashika Kiarabu, Kiarabu kikanipotea, nikajikuta namwambia kwa Kiswahili, yeye anatazama saa yake. Namwambia kwetu mtu haanzi na ubaya, kwamba nilikuwa nangoja zamu yangu, kwamba aliyekata simu ni yule msichana. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo, hata masikioni mwangu mwenyewe.

Yule mzee akainua kiganja kunisimamisha. Akaniambia kwa Kiarabu, polepole, ili nifahamu. Akasema mama yake, Mungu amrehemu, aliugua muda mrefu, nao watoto wake wote walikuwa nchi za mbali. Kila wakimpigia aliwaambia niko salama, alhamdulillah, nyinyi je, mmekula? Na aliyemwuguza alikuwa amekaa pembeni amemshikia beseni.

"Hakuna hata mmoja wetu aliyemwamini," akasema. "Tulikuwa tunangoja amalize." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa hujamaliza."

"Wallahi, baba," nikamwambia, "sikuwa nimemaliza."

Nikalia, na safari hii sikatai. Kijana wa suti aliangalia viatu vyake.

Nje wakili aliniambia nisishangilie mapema. Nani alimsikiliza? Nilishuka Naif nikiwa mwepesi. Nilimweleza madam asimpe mtu kiti changu. Nilipofika Al Qusais nilimsimulia mwenzangu neno kwa neno, na nilipofika kwenye "hujamaliza" akaruka akagonga kichwa kwenye chuma cha kitanda chake.

"Umeshinda, dada! Huyo mzee ni mtu wa maana. Nisimulie tena."

Nikamsimulia tena. Siku zile nililala vizuri ingawa bega lilikuwa lile lile. Miaka yote hii Dubai nimekuwa mtu wa kujieleza, kwa madam, kwa dereva wa teksi, kwa karani wa visa, narudia, naonyesha kwa mikono, nacheka ili wasikasirike. Na hapa pametokea mtu, mgeni kabisa, mkubwa wa watu, amenielewa kwa neno moja. Nikawa namwombea dua mama yake kila baada ya sala.

Uamuzi ulikuja kwenye simu nikiwa nafagia. Kiingereza cha sheria sikiwezi, nikaifunga simu mpaka jioni. Mwenzangu aliporudi, na sare yake ya ulinzi na mabuti, akakaa kitandani kwangu bila kuvua, akaanza kunisomea kwa Kiswahili. Bega limeumia, wamekubali. Limeganda, wamekubali. Lakini haikuthibitika kwamba ni kwa ajili ya sindano, kwa kuwa siku iliyofuata mgonjwa mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, alisema hana tatizo. Maelezo ya anayeishi naye chumba kimoja hayawezi kushinda maneno ya mgonjwa. Hakuna kosa lililofanyika.

"Hawa wamekubeba ufala!" akapiga kelele. "Kata rufaa! Si unaweza kukata rufaa?"

Nikampigia wakili. Rufaa ipo, akasema, lakini watataka kitu kipya ambacho hawakukiona. Ninacho? Nikamwambia maumivu mapya ninayo kila asubuhi, kama hayo yatafaa. Akaniambia pole, dada yangu, na nikajua kwamba kwake limekwisha.

"Ngoja kwanza," nikamwambia mwenzangu. "Na yule mzee je? Yeye hawezi kuwa pamoja nao. Lazima alikataa, na lazima wameandika kwamba alikataa. Hicho ndicho kitu chetu. Soma mwisho kabisa."

Akateremsha kidole kwenye simu. Akasoma, akarudia kusoma.

"Wameandika wameamua kwa kauli moja."

"Kauli moja vipi?"

"Wote, dada."

"Na yule?"

"Na yule. Sahihi yake ndiyo ya kwanza."

Nilimtukana nesi, nikamtukana kijana wa suti na kompyuta yake, na yule daktari wa kusukuma mikono ya watu nikamtukana mpaka mwenzangu akaziba masikio. Nilipomfikia mzee sikupata tusi lake. Nilijaribu. Wale wengine hawakujua nilichokuwa nawaambia, na asiyejua utamfanya nini? Yeye alijua, tena vizuri kuliko wakili wangu, kisha akashika kalamu. Lau asingenielewa, ningemsamehe.